Mwanga Kutoka Juu Kushoto

...na nikiipunguza nguvu kidogo hii ngozi ya juu ya ramani, picha niliyoitandaza juu ya mlima, si kuifuta, kuipunguza tu, mpaka jicho liihisi kabla ya kuiona, njo vile mwalimu Nibigira alitufundisha kwenye kile chumba cha kompyuta, mlima kwanza, ngozi ya mlima baadaye, ngozi ikipiga kelele mlima unanyamaza, basi napunguza, polepole, kidole kwenye kipanya, na mlima unabaki, unakuwa mzito, unakuwa na umri, lakini Shemeji Evariste bado amesimama mlangoni na kivuli chake kimelala juu ya kibodi, juu ya mikono yangu, na anasema, "Mama Gaju, unanisikia ao haunisikie?" nasikia, nani hasikii humu, nyumba yenyewe ya kambini, chumba kimoja na pazia, nasikia tangu aliposhuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, na sukari ya mama yake mkononi, nasikia mpaka yale anayoyameza, ila nikigeuka ataona uso wangu, na uso wangu saa hizi ni wa mtu anayetaka kusema sawa, maana mimi ni mtu wa sawa, sawa Shemeji, sawa Mama, sawa mume wangu Bienvenu nenda tu Afrika Kusini utatuita, neno limeshauzoea mdomo wangu, linatoka lenyewe kama mate, kwa hiyo sigeuki, mwanangu Gaju amelala mgongoni, nimemfunga na kile kitenge cha kijani, pumzi yake inapita hapa chini ya shingo, ya moto, na huyu bwana amekuja kumchukua Gaju, amekaa, amekunywa maji, amefuta mdomo, amesimama, amesema, "Nimekuja kubeba mutoto," kama mtu aliyefuata jembe lake aliloazimisha, "si kumunyanganya, Mama Gaju, kumubeba tu, akae kule Lilongwe na muke yangu Madeleine, kidogo tu, mpaka ndugu yangu apige simu, ao mpaka we mwenyewe utulie," nitulie, mimi, niliyekaa hapa hata bega sijatikisa asimwamshe mtu mgongoni, nitulie vipi tena...

kidogo tu, ninaijua hiyo kidogo tu, nimelala ndani yake, Bukavu, mama akanipeleka kwa shangazi Antoinette, akanivua viatu mlangoni, akasema kidogo tu Uwera, mama anarudi, na mimi nikaviweka vile viatu vikitazama nje ili akija nisimcheleweshe, kila asubuhi navitazama, kila jioni navipangusa, mpaka vikawa vidogo na shangazi akampa mtoto wa jirani, na tulipokimbia vita nilikimbia na shangazi, si na mama, na hakuna aliyeninyang'anya, hapana, wote walikuwa watu wazuri, walinibeba tu... ukingo wa kaskazini, rudi kwenye ukingo, hapa msitu unaishia kama umekatwa na panga, msitu hauishii hivyo, msitu unachoka taratibu, miti mingi, miti michache, mti mmoja, kichaka, nyasi, nachukua burashi ile yenye meno mabovu nauvunja mpaka, huku na huku, bila mpangilio, maana kosa la wanaoanza ni kugonga mti ule ule mara nyingi kama muhuri, nchi inaonekana imechapwa, haijaota, Gabriella aliniambia jambo hilo mwanzoni, Gabriella ni yule dada wa huko mbali anayetengeneza mchezo wa mezani, wafalme na majoka na watu wa mlimani, nchi ya kubuni kabisa, na nchi lazima iwe na ramani, na ramani ni mimi, Gabriella anaingoja leo, na akiipenda nitachora bara zima, mabara yote, "Unashindaka hapa kwa hii machini," anasema Evariste, "unachora inchi yenye haiko, mutoto atakula hiyo inchi?" anaikula, Shemeji, uji aliokunywa asubuhi ulinunuliwa kwa pesa ya lile bonde la mashariki, na sabuni iliyofua hicho kitenge ilitoka kwenye visiwa, na hiyo sola iliyo juu ya bati, ambayo umechomeka simu yako humo tangu ulipofika bila kuomba, hiyo ni jangwa la kusini, nilichora mchanga ule kwa unga wa mahindi, niliumwaga kwenye ungo nikaupuliza pembeni na ukajipanga wenyewe mawimbi mawimbi, nikaupiga picha, halafu tukausonga nsima, ugali wa huku, tukaula, hakuna kilichopotea, jangwa lote tulilila jioni ile na mama yako aliomba aongezwe...

simsemi kwa sauti, bado, nasema ndani tu, kwa ndani mimi ni simba, kwa nje nasogeza kipanya, na Mama Béatha amekaa pale kwenye mkeka anachambua maharagwe, hasemi kitu, hilo njo linaniogopesha kuliko maneno ya mwanawe, mama mkwe akiwa anasema unajua pa kujificha, akinyamaza hujui mvua itatokea upande gani, na nyumba ni yake, jina lililoandikwa ni lake, mimi nimo humu kwa sababu ya Bienvenu, na Bienvenu simu yake haiingii tangu kabla ya msimu wa maembe, mama mkwe akisema toka nitatoka, nitatoka na Gaju na kompyuta na nguo zilizo kwenye kamba, kwa rafiki yangu Carelle kuna mkeka wa ziada, Carelle hatanifukuza, au atanifukuza, ana watoto wengi Carelle, Mungu wangu, kipanya kimeteleza na mto umekwenda upande, futa, rudisha, mto lazima ushuke, mito inaungana haigawanyiki, kijito na kijito vinakutana vinakuwa mto, ukiona ramani ambayo mto unagawanyika katikati ya nchi kavu ujue aliyechora hajawahi kukaa karibu na maji, mimi nimekaa, niliona Ruzizi inavyotoka ziwani, "Mama, we unasema nini?" Evariste anamuuliza mama yake, na Mama Béatha anatupa jiwe dogo nje, linapita karibu na kiatu chake, tik, "Nachambua maharagi," anasema, "hauone?" na huko nje mwenye kabaza anapiga kengele, "Bambo, tiyeni, mvula ikubwera," bwana, twende, mvua inakuja, na kweli inakuja, nainusa, Evariste anamjibu zikomo zikomo, samahani, ngoja kidogo, na ananirudia mimi, "Sikia batu banavyosema kule kanisani, Uwera, mi nilipata haya, banasema unapigaka chakula photo mbele ya kukipika, unasimama juu ya kiti unachungulia sufuria, ni mambo gani ile?" ni sombe, Shemeji, sombe mbichi, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ukiitazama kutoka juu ni msitu, hakuna msitu uliokolea kama sombe, kuna kijani cha giza na kijani cha maji na vijiti vidogo kama vigogo vilivyoanguka, niliiweka chini ya tabaka la miti nikaififisha na Gabriella akaniuliza nimeinunua wapi burashi hiyo, akaniuliza hivyo, nimeinunua wapi, nilicheka mpaka Gaju akacheka bila kujua anacheka nini, na wale mama wa kanisani wakaseme, wakaombee, wamwambie na Mungu kwamba bahari ya magharibi ni lile turubai la bluu la choo chao, nilipiga picha likiwa limejikunja na umande juu yake, bahari nzuri kabisa, ina mawimbi...

Gaju anajinyoosha, mguu wake unanipiga ubavuni, lala mama, lala, ukilia sasa atakunyanyua, ni mtu wa kunyanyua watoto, sisemi ni mtu mbaya, siku Gaju alipozaliwa alikuja na mchuzi wa kuku kwenye termosi kutoka kwake Area 36, Lilongwe, pikipiki na minibasi, haukumwagika hata tone, alimshika akalia, mwanaume mzima na duka lake, alilia akasema kafanana na sisi, na Madeleine kule nyumbani hajapata mtoto, wanaomba na hawapati, na Madeleine alinipigia wiki hii akaniambia amenunua kitanda kidogo, akaniambia na rangi yake, njano, na mimi kama mjinga nikasema rangi nzuri, sikuelewa, nilidhani kitanda ni cha mtoto wa dadake, nikasema rangi nzuri sana, yaani nilimsifia kitanda cha kumlaza mwanangu, na sasa huyu amekuja na mfuko mtupu, nimeuona, mfuko wa begani umejikunja karibu na mguu wake, mtupu, ni wa nguo za Gaju, alitoka nyumbani kwake anajua atarudi umejaa, alijua nitasema sawa, ananijua, wote wananijua, na kwa desturi ya kwao na ya kwetu pia mtoto ni wa upande wa baba, hakuna mzee atakayekaa akasema vingine, "Ni mutoto ya ndugu yangu," anasema, na sauti yake imeshuka, haigombi tena, na hii ya chini njo ya kuogopa, "ni damu yetu, Mama Gaju, we bado kijana, hauna bwana hapa, kambi yenyewe unaiona, mutoto anakua kwa vumbi, anashika mavumbi anaweka kwa kinywa, kule kuko shule, kuko maji kwa bomba, nani atakulaumu?" nani atanilaumu, anauliza hivyo, na kila alichosema ni kweli, hapo sasa, vumbi ni kweli, bomba ni kweli, hakuna alipodanganya hata kidogo, na kweli zake zote zimepangwa vizuri na mimi katikati yake nimekuwa kitu cha kuhurumiwa, shimo, shimo ambalo mtoto asije akatumbukia...

shimo, ngoja, ngoja kwanza, hili nalijua, nimewahi kuliona, ile milima yangu ya kwanza, nilipiga picha ukuta wa nyumba hii hapa, huu wa upande wa jiko, Mama Béatha aliukandika mwenyewe kwa mkono, kila alipopitisha vidole udongo ukabaki na mistari, vidole vinne, upinde baada ya upinde, mpaka chini, na nilipoutazama niliona safu ya milima, miteremko na migongo na makorongo, hakuna burashi duniani inayoweza hivyo, nikaupiga picha jioni jua likiwa limelala pembeni, kila mstari na kivuli chake, nikaona mzuri, nikaja nikaulaza juu ya milima yangu nikaunganisha na milima yote ikaingia ndani, Mungu wangu, ikazama, safu nzima ikawa mashimo, mahandaki, kilele kikawa kisima, nikafuta nikarudia, mashimo, nikasema kompyuta imeharibika, nikaibeba na jua lote lile mpaka kwa Nibigira, na Nibigira akatazama akacheka mpaka akavua miwani, "Sasa we binti, mwanga wako unatoka wapi?" nikasema mwanga gani, akasema, "Ramani ina jua lake, liko juu kushoto, ni sisi wachoraji tuliliweka pale, na jicho limeshakubali, ukimulika mlima kutoka chini jicho linaona shimo, mlima haukubadilika hata nukta, umebadilisha jua tu," na akaigeuza ile picha kichwa chini miguu juu, akaigeuza tu, hakuongeza kitu, hakupunguza kitu, na milima ikanyanyuka, ikasimama yote kwa pamoja mbele ya macho yangu, mpaka nikarudi nyuma na kiti, na ile namba ya nyumba ambayo watu wa kambi walitupakia kwa rangi ukutani, ambayo nilisahau kuiondoa kwenye picha, ikabaki humo karibu na kilele, kichwa chini, hafifu, Gabriella akaikuza akaniandikia, Uwera, haya maandishi ya mlimani ni ya lugha gani, nikaogopa, nikamjibu ni alama za watu wa kale wa mlimani, na sasa ameiweka kwenye hadithi ya mchezo, namba ya nyumba ya Mama Béatha wa kambi ya Dzaleka imekuwa maandishi matakatifu, wafalme wataitafuta, na mwenyewe anachambua maharagwe...

lakini si namba, nilikuwa nafikiri nini, jua, ndiyo, jua, mlima haukubadilika hata nukta, basi nani ameweka hili jua, Shemeji, nani amekuambia unimulike kutoka chini, maana ukimulika kutoka chini, ndiyo, mimi ni mke ambaye mume amenyamaza, msichana wa kompyuta, mama wa mtoto anayelamba vumbi, hauna bwana hapa, sawa, ni shimo kweli, hata mimi nikijitazama hivyo naona shimo na naogopa kuchungulia, lakini geuza, geuza tu, usiongeze kitu, mtoto yule yule, vumbi lile lile, huyu ni mtoto ambaye mama yake hakwenda mahali, ambaye akiamka usiku akinyoosha mkono kuna mtu, ambaye analamba vumbi na kuna mtu wa kumfuta mdomo, na huyo mtu anajua kutengeneza bahari kwa turubai la choo, hakuna aliyemwambia inawezekana, na akimaliza huu ukingo atapewa mabara, na hata asipopewa, hata Gabriella akisema hapana, hata sola ikifa na kompyuta ikifa, geuza, bado ni mama ambaye hakumwacha mtoto wake mlangoni akamwambia kidogo tu, hiyo haihitaji umeme, na sisemi siogopi, naogopa, lakini nilikuwa nadhani nikiogopa basi nimekosea, nani aliniambia hivyo, naogopa na sijakosea, vyote viwili vinakaa humu ndani, kuna nafasi...

"Evariste," anasema Mama Béatha, na mimi naachia kipanya, kumbe sasa, sasa anasema, atasema toka, atasema mpe, "Evariste, toka pa mulango, umefunga mwanga," na kivuli kinaondoka kwenye mikono yangu, hivi, ghafla, naiona kibodi, herufi zilizofutika, pete, kucha zangu zenye udongo, na sijui, wallahi sijui kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya maharagwe yake, sitaki kumgeukia nikaona, akiwa amesema kwa ajili ya maharagwe pia ni sawa, nisijenge nyumba juu ya hilo, neno langu lisiegemee kwake wala kwa Nibigira wala kwa mtu aliye Afrika Kusini, kama litasimama lisimame lenyewe, na Evariste anacheka kidogo, ile ya aibu, "Pardon, Mama," anasogea hatua, anasimama tena upande ule mwingine wa mlango, na kivuli kinarudi, sasa kimelalia kikombe cha chai, na mfuko mtupu ameuokota, ameushika, anaukunja na kuukunjua, maskini, yeye naye ametumwa na kitanda cha njano, ninamhurumia kweli, Madeleine aje, aje mwenyewe, ashuke pale barabarani aje akae kwenye huu mkeka, ambebe Gaju mpaka achoke, amlishe, amwimbie, alale naye hapa, aje kila anapotaka, simnyimi mtu kumpenda mwanangu, kumpenda si kumhamisha, na wazee wakae, wakae kikao, wavae makoti, waniite, nitakwenda na nitambeba hivi hivi mgongoni na watanisemea desturi na nitawasikiliza mpaka mwisho kwa heshima, nitapiga magoti kama inavyotakiwa, na nikishapiga magoti nitasema neno lile lile, wakiniuliza nani amenifundisha kujibu nitasema hakuna, nililikuta humu, lilikuwa chini ya zile sawa zote, tabaka la chini kabisa, ambalo huwa huoni mpaka uzime yale ya juu...

mvua imeanza, tone moja juu ya bati, tone lingine, mwenye kabaza anasonya huko nje, Gaju anahema, mlima uko palepale na ukingo wa kaskazini bado haujaisha, nusu msitu nusu karatasi tupu, na Evariste anavuta pumzi, najua anachotaka kusema, atasema kama alivyosema tangu mwanzo, Mama Gaju unanisikia, na uso wangu sasa naweza kuugeuza, nauhisi, umekaa vizuri juu ya shingo, hautaki kusema sawa, lile neno limo, fupi, la hapana, nimelishika kwa meno, wacha aulize tena.